Bahasha ya Ndani

Siku askari walipomchukua Mpiga Chapa, Fundi Sindano alikuwa amepiga magoti chini ya meza yake ya kazi akitafuta skrubu isiyozidi punje ya mtama. Habari aliletewa na mkewe, naye hakubisha hodi.

"Wamembeba rafiki yako. Mchana kweupe! Na mashine yake ya chapa wameitia kwenye gari."

Fundi aliinuka ghafla, kichwa kikagonga ubao wa meza, paa! Wala hakusikia maumivu. Kitu kimoja tu kilimjia akilini: santuri yenye jalada la buluu. Akarudi kukaa pale pale sakafuni, katikati ya nyaya na vumbi.

"Mbona umekaa?"

"Skrubu," akajibu.

"Skrubu gani, baba? Sura yako imekuwa kama ya mtu aliyejiona kwenye jeneza."

Walimwita Sindano kwa sababu ya kazi yake. Alitengeneza redio, pasi, feni, chochote chenye waya, lakini moyo wake ulikuwa kwenye gramafoni. Santuri alikuwa nazo mia mbili na kumi na nne, zote za jazi, alizozikusanya miaka thelathini: kwenye hoteli zilizofungwa, kwa wageni waliohama, kwa warithi waliotaka kutupa vitu vya marehemu. Mkewe alizoea kuwaambia majirani kwamba wanaume wengine huleta nyumbani mke wa pili, wake yeye huleta sahani zisizoliwa.

Kila santuri ilikuwa na jalada lake la nje, na ndani ya jalada bahasha ya karatasi nyepesi. Hiyo bahasha ya ndani ndiyo iliyokuwa dini ya Fundi. Kila santuri ikipigwa, lazima iandikwe juu yake kwa penseli: tarehe, saa, upande gani, na nani alisikiliza. Ukicheka, alikueleza kwa upole kwamba sindano ya yakuti haivumilii zaidi ya saa arobaini. Ikishapita hapo inageuka jembe, inalima. Usipohesabu utajuaje? Na majina? Hilo alilijibu kwa ukali kidogo: anayesikiliza bila kujiandika ni mwizi. Chini kabisa ya bahasha palikuwa na muhuri wa kibanda chake, wa wino wa zambarau. Hata aliyeazima santuri aliondoka nayo ndani ya bahasha yake, na aliapishwa kujaza.

Jumapili, tarehe mosi ya mwezi ule, walikaa wanne kwenye chumba cha nyuma ya kibanda. Fundi mwenyewe. Mpiga Chapa. Mwalimu, mama mmoja wa shule ya msingi aliyependa piano. Na wa nne alikuwa shemeji yake Fundi, mdogo wake mkewe, aliyekuwa mtu wa boila pale kiwanda cha sabuni. Huyo alipenda besi. Alisema boila nalo linapiga besi, ukilizoea unajua linapokosea.

Siku hiyo aliwaambia kwamba limeanza kukosea. Vali ya usalama, ile inayopumua mvuke ukizidi, ilikuwa imefungwa kwa waya. Amri kutoka juu. Eti ikipumua hovyo inachelewesha kazi. Aliwaeleza hayo huku tarumbeta ya ile santuri ya buluu ikilia, mlango wazi, na wapita njia wakitingisha vichwa. Nani angedhani? Mwalimu akaandika maneno, Mpiga Chapa akayatia mfukoni. Jumatatu alfajiri ukuta wa kiwanda ukaamka na karatasi: BOILA HILI LITAUA. IFUNGUENI VALI.

Na santuri ilipokwisha ile Jumapili, Fundi Sindano, kwa utiifu wake wa kipumbavu, alizungusha penseli. Wote wanne wakajiandika.

Jumamosi iliyofuata Mkaguzi alikuja kuazima santuri. Huyu ndiye aliyekuwa mkaguzi wa mitambo pale kiwandani, na alikuwa na gramafoni ya bei mbaya, na masikio yake, tuseme kweli, yalikuwa mazuri. Alitaka ile ya buluu. Fundi akampa, ndani ya bahasha yake, kama anavyowapa wote. Hakufikiri. Kumpa mtu santuri bila bahasha kwake ilikuwa kama kumtoa mtoto nje uchi.

Alhamisi yake, tarehe kumi na mbili, saa tisa na robo mchana, boila likapasuka. Likaua watatu. Shemeji ndiye alikuwa wa kwanza.

Sasa hapa ndipo utakapoijua akili ya wenye viwanda. Watu wameonya, hawakusikilizwa, wamekufa. Mimi na wewe tungesema: kumbe walionya! Wao walisema: kumbe walijua! Walijuaje kama si wao waliolipasua? Basi mwenye makosa akawa marehemu, aliyeichezea vali, pamoja na wenziwe walioandika karatasi. Na si mara ya kwanza. Daraja la mji lilipoanguka alilaumiwa dereva, maiti. Ghala lilipoungua alilaumiwa mlinzi, maiti. Maiti ndiye mfanyakazi anayependwa kuliko wote: hadai mshahara, hagomi, wala hajitetei.

Hakimu alikuwa akisikiliza shauri la vifo hivyo kwenye ukumbi wa mji. Jumatatu hiyo hiyo aliyokamatwa Mpiga Chapa, saa nane mchana, ilikuwa zamu ya Mkaguzi kutoa ushahidi.

"Majina yetu," Fundi akasema pale sakafuni. "Yako nyumbani kwa Mkaguzi."

Mkewe alikuwa na siku kumi na moja za msiba machoni. Alimtazama kwanza bila kuelewa, kisha akaelewa.

"Uliandika?"

"Kwa penseli," Fundi akasema, kana kwamba penseli ni utetezi.

"Ee Mungu wangu. Watu wanapanga jambo la siri, mume wangu anapitisha daftari la wageni! Inuka. Inuka ukaifuate, kabla huyo mtu hajajifunza kusoma."

Akaenda. Kikapu cha vifaa kilikuwa kikilia kacha-kacha mkononi. Kila gari lililopunguza kasi nyuma yake alilisubiri limpite. Getini dereva wa Mkaguzi alikuwa akiosha gari. Akamwashiria apite kwa kitambaa kilicholowa.

Mkaguzi alikuwa sebuleni, ameshavaa suti, bado tai tu. Gramafoni ilikuwa wazi. Santuri ya buluu, jalada lake, na bahasha yake, vyote vilikuwa juu ya meza ndogo. Fundi akajizuia asiitazame.

"Fundi! Umefuata santuri yako nini?"

"Hapana, bosi. Nimefuata sindano. Nimepiga hesabu usiku, naona yako imefika ukingoni. Na hiyo ya buluu ikikwaruzwa, bosi, hakuna nyingine."

"Ndiyo maana nakupenda. Wewe huli kama hujahesabu tonge." Akacheka. "Lakini tusikilize kwanza. Nina shughuli mbaya mchana huu, nilikuwa natafuta cha kunituliza. Kaa."

"Ningeifungua kwanza, bosi..."

"Kaa, mzee."

Akakaa ukingoni mwa kiti. Mkaguzi akaitoa santuri kwa viganja, kwa kingo, kama ipasavyo, akaiweka, akashusha mkono wa sindano. Kisha akaichukua ile bahasha, akaegemea, akaanza kujipepea nayo.

Santuri ile Fundi aliijua kuliko alivyowajua nduguze. Ngoma huingia kwa brashi, taratibu, kama mtu anayefagia ua wa jirani. Besi inafuata. Halafu tarumbeta, imezibwa mdomo, inasema jambo na kulirudia kwa wasiwasi. Miaka yote alilisikia jambo hilo kama huzuni. Leo alisikia mtu anayeulizwa maswali. Bahasha ilikwenda na kurudi, ikimpepea Mkaguzi shingo, na kila ilipogeuka Fundi aliona mistari ya penseli: wa kwake, wa Mpiga Chapa uliolala, wa Mwalimu wenye herufi za ubaoni, na wa shemeji, mkubwa, wa mtu aliyezoea kushika sepetu.

Dakika ishirini upande mmoja. Jasho lilimtiririka mgongoni mpaka likafika mkanda.

Ikaja ile sehemu ambapo vyombo vyote hunyamaza, ikabaki besi peke yake. Mkaguzi akaacha kujipepea.

"Hapa," akanong'ona. "Hapa jamaa ananimaliza kabisa."

Akaiteremsha bahasha magotini na kuitazama. Akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. Fundi akasikia moyo wake ukigonga nje ya mapigo ya santuri.

"Wana masikio wateja wako hawa. Nani na nani?"

"Wapita njia tu, bosi. Watu wa... watu wa Jumapili."

"Sioni kitu bila miwani. Miwani nimeiacha kwenye gari na yale makaratasi ya ushahidi." Akapapasa mfuko, akatoa penseli, akamnyooshea pamoja na bahasha. "Nijazie wewe. Nisije nikaitwa mwizi. Unaona zamu zangu zote nimejiandika? Mwanafunzi mzuri mimi."

Fundi akapokea. Karatasi ilikuwa na joto la mkono wa yule mtu. Akaandika mstari wa siku hiyo chini ya mwandiko wa Mkaguzi, na herufi zilipinda kama za mlevi. Aliuona mwandiko ule. Maneno hayakumwingia, hofu ilikuwa imemziba macho. Alibadilisha sindano, akairudisha santuri ndani ya bahasha, bahasha ndani ya jalada, jalada ndani ya kikapu.

"Naondoka nayo nikaisafishe, bosi. Ina vumbi."

"Nenda, nenda. Nitakuja na habari njema jioni, mambo haya yakishazikwa."

Alivuka geti bila kukimbia. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya duniani, kutokukimbia.

Nyumbani mkewe alikuwa amekwisha washa jiko la mkaa. Fundi akaichomoa bahasha, akaikunja mara moja, akaipeleka motoni. Mkono wa mkewe ukamdaka kifundo cha mkono.

"Ngoja. Nimwone ndugu yangu kwanza."

Akaikunjua. Akapitisha kidole juu ya ule mwandiko mkubwa, pole pole, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Kisha kidole kikateremka mstari wa chini. Kikasimama.

"Hii nini?"

"Mkaguzi huyo. Amejiandika."

"Soma."

"Mama, tuichome, watu wata..."

"Soma, nimekwambia!"

Akasoma. "'Alhamisi, tarehe kumi na mbili. Saa saba na nusu mpaka saa tisa kasoro dakika kumi. Pande zote mbili, mara mbili mbili. Peke yangu.' Na sahihi."

Mkaa ukapasuka jikoni, wote wawili wakashtuka.

Tarehe kumi na mbili hakuna aliyekuwa na haja ya kuulizwa katika nyumba ile. Na kitabu cha ukaguzi cha kiwanda kilikwisha somwa mbele ya hakimu, ukumbi mzima ukasikia: Alhamisi, saa nane kamili mchana, Mkaguzi amesimama mbele ya boila, ameikagua vali kwa mkono wake, ameikuta iko huru. Kwa hiyo aliyeifunga kwa waya ni marehemu, baada ya hapo. Hiyo ndiyo kesi yao yote. Na saa nane kamili mwenyewe alikuwa kwenye kochi lake, suruali imelegezwa, anafumba macho na besi.

"Hakuwapo," mkewe akasema. Sauti ilikuwa ndogo mno. "Ndugu yangu anaitwa muuaji, na huyu hakuwapo."

Honi ikalia nje.

Ilikuwa gari la Mkaguzi, safi, bado linadondosha maji. Dereva akasimama mlangoni peke yake. Fundi alikuwa amesimama mbele ya jiko, na mkewe nyuma yake, bahasha ndani ya kanga.

"Mzee, bosi anaitaka ile santuri. Nilikuwa nampeleka ukumbini, kavaa miwani apitie makaratasi yake, ghafla kapiga kelele nirudi kwako. Nimemshusha kule mlango wa ukumbi." Akakohoa. "Na karatasi yake. Kaniambia mara mbili: na karatasi yake ya ndani."

"Ngoja... ngoja niipanguse."

Fundi aliingia chumba cha nyuma. Kwenye rafu akachomoa santuri nyingine, akaivua bahasha yake, iliyojaa mistari ya penseli na muhuri wa zambarau. Akaivika ile ya buluu. Miaka thelathini hakuwahi kuivisha santuri bahasha isiyo yake. Vidole vilikataa kidogo.

"Mzee unatetemeka," dereva akasema akipokea.

"Homa."

"Pole. Homa hiyo naona iko mji mzima." Akaondoka.

"Akivaa miwani tena atajua," Fundi akasema. "Tuna nusu saa. Tuichome, mke wangu. Tusiwe na kitu."

"Na tukiichoma atashindwa kutujua? Ameshatujua." Mkewe alikwenda kwenye meza ya kazi, akarudi na mkasi wa kukatia nyaya. "Kata. Juu ya mwandiko wake. Mwalimu ana watoto watatu."

Mistari ya Jumapili, yenye majina manne, ilikuwa juu kidogo tu ya ule wa Mkaguzi. Fundi alikata, mkasi ukitafuna karatasi kwa mapengo. Ukabaki mkononi ukanda wa majina, na chini nusu ya bahasha: mwandiko wa Mkaguzi, mstari wa leo, na muhuri wa zambarau.

"Na muhuri nao," akasema haraka. "Nikate muhuri, tuiingize chini ya mlango wa hakimu. Hatajua imetoka wapi."

Mkewe hakumjibu kwa hasira. Laiti angemjibu kwa hasira.

"Karatasi isiyo na mwenyewe ni uchafu, baba watoto. Watafagia. Unajua unavyosema wewe, asiyejiandika..." Hakumaliza. Aliuchukua ule ukanda wenye majina, akautazama mara moja mahali pa ndugu yake, maneno ya mwisho aliyoandika yule kijana akiwa hai, akauweka juu ya mkaa. Haukutoa hata moshi wa maana.

Kisha akafunga kanga yake vizuri na kusimama mlangoni, akingoja.

Fundi aliutazama muhuri. Ulikuwa na jina la kibanda, na mtaa, na picha ya sindano aliyoichonga mwenyewe kwenye mpira wa kandambili alipokuwa kijana wa majivuno. Alifikiri habari ya Mpiga Chapa, kama wameanza kumpiga au bado. Alifikiri habari ya santuri mia mbili na kumi na nne na buti zitakazozikanyaga. Akaitia ile nusu bahasha ndani ya shati, upande wa ngozi.

"Twende basi," akasema. "Kabla magoti hayajapata akili."

Ukumbini walipata nafasi benchi la nyuma, karibu na wajane wa wale wengine wawili. Mkaguzi alikuwa mbele, jalada la buluu magotini. Fundi alimwona akivaa miwani. Akamwona akiichomoa bahasha, akiigeuza, akiigeuza tena. Shingo ya yule mtu ikakaza. Akageuka taratibu, akapekua nyuso benchi kwa benchi, mpaka alipofika la nyuma.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililomgandisha Fundi. Alimtabasamia, kisha akawaita kwa kidole askari wawili waliokuwa mlangoni, akawanong'oneza jambo, na mmoja wao akaja kusimama mwisho wa benchi lile, karibu sana, hata Fundi akanusa dawa ya viatu vyake.

Mkaguzi akaitwa. Akaapa.

"Saa nane mchana ya siku hiyo ulikuwa wapi?" hakimu akauliza.

Mkaguzi hakumtazama hakimu. Alikuwa anamtazama Fundi Sindano, fundi wa feni na pasi, mtu ambaye hajawahi kumjibu hata mara moja. Akapima, akakata shauri.

"Mbele ya boila, mheshimiwa. Saa nane kamili."

Mjane mmoja aliguna. Karani aliandika. Fundi alijiambia: nitasimama akimaliza kuandika. Karani akamaliza. Akajiambia: akigeuza ukurasa. Ukurasa ukageuzwa. Mkono wa mkewe ulikuwa juu ya benchi kati yao, wala haukumsukuma. Ulikuwa umekaa tu, na mishipa imesimama.

Hakujua aliinukaje. Alijikuta yu wima, na karatasi iko nje ya shati, imelowa jasho. Askari akamshika bega.

"Wewe mzee, kaa chini!" karani akafoka.

"Mwache," hakimu akasema, akiinua macho. "Una nini wewe? Nani amekuita?"

Mkono wa askari ulikuwa mzito. Ukumbi mzima umegeuka, na kule mbele Mkaguzi amesimama, tabasamu lake bado lipo ila limesahaulika usoni.

"Sijaitwa, mheshimiwa," akasema, sauti imekwaruza. "Mimi ndiye mwenye santuri. Na hii ni bahasha yake. Ina muhuri wangu."

"Ina nini zaidi?"

"Ina saa nane."

"Isome."

Akaiinua karibu na macho, kwa mikono miwili, akaanza kusoma mwandiko wa mtu mwingine: "Alhamisi, tarehe kumi na mbili..."